Turbo baadaye, fundi kwanza: mwongozo wa Lubumbashi kwa mwenye jeep ya zamani ya mazutu

Swali ni lile lile kila mara: "Nimepata turbo safi imetoka Dubai, nani anaweza kunifungia?" Mtu akishanunua turbo kabla ya kuwa na fundi, najua ameanzia mkiani. Turbo ni chuma, na chuma kinapatikana. Mtu wa kuiunganisha na pompa yako ya mazutu (dizeli) bila kukuyeyushia pistoni ndiye adimu, na ndiye tunayemtafuta hapa.

Mwongozo huu ni wa magari ya zamani ya mazutu ambayo hayakutoka kiwandani na turbo: Land Cruiser zenye motere 1HZ au 2H, Nissan Patrol za TD42, na jamaa zao. Kama motere yako inaongozwa na kompyuta, kazi yake ni nyingine na mafundi wake ni wengine. Naandika kutoka Lubumbashi, ila mtu wa Likasi au Kolwezi hatapotea.

Nadharia kidogo tu, halafu tuingie kazini. Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na Kolwezi imepita 1,400. Hewa ya huku ni nyepesi, na motere isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za mwinuko. Ile 1HZ iliyotoka kiwandani na farasi 130 hivi, hapa kwetu inavuta kama farasi 115. Weka magunia ya makala (makaa) nyuma na lori la shaba mbele yako kwenye vilima vya Likasi, utaelewa kwa nini watu wanatafuta turbo. Turbo inarudisha ile hewa. Lakini hewa zaidi na mazutu zaidi maana yake ni joto zaidi, na joto ndilo linaloua.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Namba ya motere, uliyoisoma mwenyewe kwenye chuma. Karatasi za gari zinasema mambo mengi, na magari mengi huku yalishabadilishwa motere kabla hayajakufikia.
- Makuta (pesa) ya kupima, yakae mbali na makuta ya turbo. Ukichanganya mifuko hii miwili, kipimo ndicho kitakachorukwa.
- Geji ya joto la moshi na geji ya presha ya turbo. Nunua mwenyewe, mapema.
- Chupa ndogo ya rangi ya kucha. Utaona kazi yake mbele.
- Wiki mbili ambazo gari halihitajiki. Fundi anayekimbizwa na harusi ya Jumamosi hafanyi kazi nzuri.

Hatua ya 1: Jua motere yako inavumilia nini

Usiende kwa fundi ukiwa mtupu. Nitachukua 1HZ kwa mfano kwa kuwa ndiyo imejaa mjini, nyingi zikiwa zimetoka kwenye mashirika na kuuzwa kwa mnada. Ni silinda 6, lita 4.2, na mazutu yake huwakia kwanza kwenye kijichumba kidogo ndani ya kulasi, kile kichwa cha motere kinachofunika silinda, kabla moto haujashuka kwenye pistoni. Hicho kijichumba ndicho udhaifu wake. Joto likizidi, kulasi inapasuka hapo karibu na valvu. Ndugu yake 1HD-T, aliyezaliwa na turbo kiwandani, mazutu yake hupulizwa moja kwa moja juu ya pistoni, na ana mpango wake mwingine wa kuvumilia moto. Akitokea mtu wa kukuambia "1HZ na 1HD ni kitu kimoja, tofauti ni turbo tu", mshukuru kwa soda na uondoke.

Kwa hiyo 1HZ inakubali turbo, ila kwa adabu: presha ya bar 0.5, kwa juu kabisa 0.7 kama huna kipoza hewa ya turbo (intercooler). Ukitaka gari la mashindano, tafuta motere nyingine.

Hatua ya 2: Pata majina matatu, na uyapate mahali sahihi

Hapa ndipo wengi wanakosea. Wanamuuliza muuza vipuri, na muuza vipuri ana shemeji. Mafundi wa mazutu wapo wa aina mbili mjini hapa: wapo wanaofungua na kufunga, na wapo wanaojua pompa. Wa kwanza ni wengi kuliko nyumba. Unayemtaka ni wa pili, na huyo mara nyingi hana kibao barabarani.

Waulize watu ambao motere ya mazutu ikilala na wao wanalala njaa. Wenye malori wanaopanga foleni kuelekea Kasumbalesa, mpakani na Zambia, wanajua nani anatengeneza pompa ikakaa mwaka mzima. Wenye grupu (jenereta) kubwa za umeme nao wanajua, kwa sababu stima ikikatika hoteli nzima inawaangalia wao, na pompa ya grupu inapimwa kwenye benchi, mashine ya kupimia pompa, lile lile la pompa ya gari. Wastaafu wa karakana za Gécamines, kampuni ya madini, na za reli, SNCC, ni hazina. Wengine macho yamechoka, lakini wana vijana waliowafunda, na mzee atakuambia bila kuficha yupi alishika kazi na yupi alishika simu tu. Usiwasahau mapadri. Misheni zina Land Cruiser zinazofanya njia za Kasenga na Mitwaba miaka na miaka, na anayezitunza huwa na jina moja tu mdomoni. Kwenye shule za ufundi za Wasalesiani waalimu nao wanajua wanafunzi wao waliishia karakana gani.

Jina likitajwa na watu wawili wasiojuana, liandike. Likitajwa na mtu mmoja mara tano, bado ni mtu mmoja.

Onyo: usichague kwa kuona gari linalokimbia. Turbo zilizofungwa juzi zote zinakimbia. Tafuta mwenye gari lililofungwa zaidi ya mwaka mmoja uliopita, umwombe akupakie hadi kwenye vumbi na kurudi, na umwulize amelipa nini tangu siku ile.

Hatua ya 3: Nenda kwake bila gari

Nenda asubuhi kama mgeni, kaa kwenye kiti cha plastiki, angalia. Usiangalie vifaa vya bei kubwa ukutani, angalia pompa iliyofunguliwa imelala wapi.

Kwa mafundi wa kwanza niliowatembelea, pompa ilikuwa juu ya katoni, pembeni ya mlango, na upepo wa mwezi wa nane unaleta bulongo jekundu moja kwa moja juu yake. Kwa mzee niliyeishia kwake, kulikuwa na meza ya bati ndani ya chumba kidogo chenye mlango unaofungwa. Injekta sita zilikuwa ndani ya sinia la jikoni lenye mazutu masafi, kila moja na namba ya silinda yake imeandikwa kwenye utepe. Kijana wake alitaka kufuta moja kwa tambara, mzee akamshika mkono: "Tambara lina manyoya. Iache ichuruzike." Sikuwa nimeuliza swali hata moja, lakini nilishapata nusu ya jibu.

Angalia pia kama anaandika. Daftari lenye tarehe, gari, kilichopimwa na namba zilizotoka lina thamani kuliko diploma iliyotundikwa.

Hatua ya 4: Uliza maswali haya, sikiliza zaidi ya kuongea

"Pompa yangu ina kifaa cha kuongeza mazutu turbo ikipuliza?" Hili ni swali la mtego, na ninalipenda. Pompa ya 1HZ ya kawaida haina kifaa hicho. Lakini nyingine zina kopo dogo juu yake ambalo watu hulichanganya nacho, na kazi ya kopo hilo ni kinyume: linahisi mwinuko na kupunguza mazutu. Fundi wa kweli atasema "ngoja nione", ataangalia kama kuna mrija wa presha unaoingia hapo juu, kisha atakueleza njia mbili: kubaki na mazutu ya kiasi, au kugeuza pompa iwe na kifaa cha turbo na kuipima upya kwenye benchi. Anayejibu "ndiyo, ipo, tunafungua visi, ile skrubu ya mazutu, kidogo tu" hajui anachogusa.

"Joto la moshi utapima wapi?" Jibu ni moja: kwenye manifoldi, kabla ya turbo. Baada ya turbo moshi umeshapoa kwa kiasi kikubwa na namba itakudanganya. Akisema geji hiyo ni urembo, maongezi yameisha.

"Utaweka presha ngapi?" Umeshajua jibu kutoka hatua ya 1. Anayetaja bar 1.2 kwa 1HZ anataka gari lako lisifiwe wiki mbili.

"Benchi la pompa unalo?" Kukosa benchi si dhambi. Benchi ni ghali. Kibaya ni kusema linakuja wiki ijayo. Fundi mkweli atakutajia anakopeleka pompa, na utaenda kupaona.

"Ni gari gani uliwahi kulikataa?" Kama hajawahi kukataa hata moja, lako halitakuwa la kwanza.

Hili la mwisho limenigharimu. Fundi wangu wa kwanza hakukataa chochote. Alinifungia turbo siku mbili, akaongeza mazutu kwa sikio, bila geji yoyote, na kwa miezi miwili nilikuwa mfalme wa barabara. Mwezi wa kumi, joto la kuchoma, nimepakia, nimepita Likasi naelekea Kolwezi, nikaona mvuke mweupe. Maji yalikuwa yanachemka kwenye radiatere kama sufuria ya ugali. Kulasi ilikuwa imepasuka mahali nilipokutajia juu. Nilivutwa na lori hadi Likasi kwa bei ambayo sitaiandika. Fundi alisema ni mazutu mabaya. Huenda yalikuwa mabaya kweli, lakini visi hakijisogezi chenyewe.

Hatua ya 5: Mpe kazi ndogo kwanza

Usimkabidhi turbo. Mpe injekta azipime, na motere aipime mgandamizo. Ni kazi ya siku moja au mbili, na itakuonyesha mambo matatu: anatimiza siku aliyosema? Anakurudishia vipuri vya zamani mkononi? Anakupa namba, au anakupa maneno?

Kabla pompa au injekta hazijatoka kwenye gari, toa ile rangi ya kucha. Weka tone mahali pasipoonekana kwenye kila kimoja, kisha piga picha bamba la namba la pompa. Simtuhumu mtu. Karakana ina pompa kumi zinazofanana na vijana watatu wenye haraka, na pompa inayoingia si lazima iwe ile iliyotoka.

Hatua ya 6: Pimeni motere pamoja, na ukubali jibu

Fika gari likiwa baridi, limelala hapo usiku kucha. Mzee wangu alikataa kulisikiliza siku ya kwanza kwa kuwa nililifikisha likiwa la moto. "Mwanangu, turbo yako iweke chini ya kitanda. Kesho nataka nisikie gari likiamka." Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi aliliwasha, akaacha ling'urume, akafungua kifuniko cha oili, akakigeuza na kukilaza kichwachini juu ya tundu. Kikitulia, au kikitetemeka kidogo, ni sawa. Kikirukaruka kama kifuniko cha chungu, pistoni zinavujisha moto kwenda chini, na turbo itamalizia kazi. Changu kilitetemeka kidogo. Akatabasamu kwa mara ya kwanza.

Halafu vinakuja vipimo vyenyewe:

Mgandamizo wa kila silinda. 1HZ nzima inatoa zaidi ya bar 30. Tazama zaidi tofauti: silinda moja ikiachana na wenzake kwa zaidi ya bar 5, kwanza tafuta sababu.

Injekta zifunguke kwa presha zinazolingana, karibu bar 150 kwa 1HZ, na zinyunyize ukungu. Injekta inayodondosha matone itatoboa pistoni siku turbo ikija.

Mkanda wa taimingi: wa mwisho ulibadilishwa lini? Kama hujui, badilisha. Kilomita 100,000 ndiyo hesabu ya kawaida, na ukiruka meno valvu zinakutana na pistoni.

Mfumo wa maji: radiatere ifunguliwe na kusafishwa, feni ikamate vizuri ikipata moto, mabomba ya maji yasiwe na kutu. Turbo kwenye radiatere iliyoziba ni pesa ya kulasi mpya unayoiweka akiba kwa mwenzako.

Klachi ishike. Panda mlima ukiwa gia ya juu; kama motere inapiga kelele na gari haliongezi mwendo, imekwisha.

Vipimo vikisema hapana, ni hapana. Tengeneza motere kwanza, turbo itakungoja.

Hatua ya 7: Andikeni, hata kama ni rafiki

Karatasi moja inatosha. Nani ananunua nini, presha ya mwisho ni ngapi, kikomo cha joto ni kipi, majaribio yatakuwa ya kilomita ngapi, na ikivuja ndani ya miezi mitatu nani analipa. Makuta yagawanywe: sehemu kazi ikianza, sehemu gari likiwaka, na sehemu ya mwisho baada ya majaribio ya barabarani. Sehemu ya mwisho isiwe ndogo. Hiyo ndiyo inayomfanya fundi apande gari nawe.

Kuhusu turbo yenyewe: fundi awepo unaponunua. Ya mitumba ishikwe ekseli kwa vidole: ikicheza kidogo kushoto na kulia ni kawaida ya turbo, ila ikisogea mbele na nyuma, iache. Mabawa yake yasiwe na meno ya kuliwa na vumbi. CT26, ile ya 1HD-T na 12H-T, inapatikana na wengi wanaifunga. Seti kamili ya turbo kutoka Australia ni ghali, lakini manifoldi na mabomba yake yanakaa bila kuchomelewa. Manifoldi iliyochomelewa kienyeji hupasuka, na mpasuko wake unaanzia ndani.

Kama pompa inabidi ivuke kwenda Kitwe au Ndola kupimwa, pita DGDA (forodha) Kasumbalesa ukiwa na karatasi inayoonyesha kuwa inatoka na itarudi. La sivyo utalipia ushuru wa kitu chako mwenyewe.

Hatua ya 8: Siku ya kufunga, simama pale

Si kwa kumfundisha kazi. Simama, nyamaza, angalia mambo manne.

Mrija wa kuleta oili kwenye turbo uwe mpya, na usipakwe silikoni kwenye viungo. Kipande cha silikoni kikikatika kinaziba tundu dogo kuliko punje ya mtama, na turbo inakufa kwa kiu huku geji ya oili inasema kila kitu ni sawa.

Mrija wa kurudisha oili uwe mpana na uteremke bila kupinda hadi kwenye karta, bakuli la oili chini ya motere. Oili haisukumwi hapo, inaanguka tu yenyewe. Ukipinda, oili inarudi nyuma na kutokea kwenye ekzosi.

Njia ya hewa kutoka filta hadi turbo ishikwe kila kiungo. Vumbi letu la kiangazi ni laini kama poda, na turbo inalivuta kwa nguvu. Pitisha kidole ndani ya bomba baada ya filta: kikitoka chekundu, msiwashe.

Kabla ya kuwasha, turbo imiminiwe oili ndani, kisha motere izungushwe na stata bila kuwaka hadi presha ya oili ipande.

Hatua ya 9: Pompa inarekebishwa barabarani

Visi cha mazutu hakirekebishwi karakanani gari likiwa limesimama. Bila mzigo turbo haipulizi kitu. Pakia gari kama unavyolipakia siku zote, fundi akae kiti cha pili na geji zote mbili mbele ya macho yenu, mchukue njia ya Likasi. Kwenda na kurudi ni karibu kilomita 240, na kuna vilima vya kutosha.

Mazutu yaongezwe kwa robo ya robo ya mzunguko, halafu mlima tena. Kwa 1HZ mimi nimejiwekea hivi: nyuzi 650 kwenye mlima mrefu ni mpaka, na 700 ni kutoa mguu palepale. Moshi mweusi kidogo unapobadilisha gia unavumilika. Wingu linaloficha pikipiki nyuma yako ni mazutu unayoyatupa, na ni joto unalojitafutia.

Mkimaliza, fundi afunge visi na kukitia alama. Nawe weka tone lako la rangi juu. Siku rangi ikivunjika utajua kuna mkono ulipita.

Hatua ya 10: Kilomita 1,000 za kwanza

Badilisha oili kilomita 1,000 zikifika, halafu kila 5,000. Ukifika mwisho wa safari acha motere ing'urume dakika moja au mbili kabla ya kuzima, turbo ipoe na oili ikipita. Toa maji yaliyojikusanya kwenye chujio la mazutu mara kwa mara, hasa ukilazimika kununua bidoni kando ya barabara. Rudi kwa fundi akaze boliti za manifoldi. Zikipashwa na kupoa mara kadhaa zinalegea.

Ikisumbua

Moshi mweusi motere ikizunguka polepole, unaopotea turbo ikianza kupuliza: mazutu ni mengi kabla ya hewa kufika. Punguza visi, au ndiyo wakati wa kugeuza pompa.

Moshi mweusi muda wote na nguvu hakuna: tafuta bomba la hewa lililochomoka au kupasuka. Paka maji ya sabuni kwenye viungo, msaidizi apandishe motere, uangalie mapovu. Usiguse pompa kabla hujafanya hivi.

Moshi wa bluu: kabla ya kuihukumu turbo, angalia ule mrija wa kurudisha oili na kipumulio cha motere. Nimeona turbo mbili nzima zikitupwa kwa ajili ya mrija uliopinda.

Presha inapanda kupita uliyoweka: mrija mdogo wa mlango wa kupunguzia presha umechomoka au umeungua. Endesha taratibu hadi nyumbani.

Presha haifiki, na kuna masizi meusi pembeni ya manifoldi: gasketi inavujisha moshi kabla haujazungusha turbo.

Mlio mkali kama king'ora, haukuwepo jana: zima, toa bomba la hewa, zungusha bawa kwa kidole. Likigusa ukuta, usiliwashe tena hata kwa kulisogeza. Mabaki yake yanaingia kwenye silinda.

Maji yanapanda moto mlimani tu: radiatere au feni, rudi hatua ya 6. Maji yakipungua bila kuonekana yanakovuja, na bomba la mpira la juu la radiatere likiwa gumu asubuhi gari likiwa baridi, kulasi imeanza kuvujisha. Hapo usiende Kolwezi.

Fundi hapokei simu: ndiyo maana uliandika karatasi na kubakiza makuta. Nenda kwake asubuhi, kabla ya saa moja, kabla wateja wengine hawajafika. Mzee wangu hana mazoea ya simu kabisa. Lakini ukimkuta pale kwenye chumba chake, anaweka injekta chini, anaosha mikono, na kabla hujaongea anauliza: "Inaamkaje asubuhi?"